Usizame kwa Ajili Yangu

Alhamisi ile Mwalimu alifunga kazi mapema. Mwanafunzi wake wa mwisho, mama wa makamo aliyeshika usukani kama anayemkamata kuku asitoroke, alifanikiwa kuligeuza gari bila kuzima injini hata mara moja, na Mwalimu akaliona hilo kuwa dalili njema. Akaegesha gari la shule ya udereva, akanawa uso kwenye bomba la uani, akachana nywele kwa msaada wa kioo cha pembeni, kisha akashika njia kwenda kwa Chiriku. Alikuwa na habari. Alikuwa ameificha tangu jana yake, na ilikuwa ikimwasha ulimini.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo usiopumzika, na likamganda hata baada ya kukua na kuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa mpima macho. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ndani yake kulikuwa na kiti kirefu cha mgonjwa, taa ya kuinamisha, sanduku la lenzi zilizopangwa kwa namba, na ukutani chati ya herufi zinazoanza kubwa na kuishia kama wadudu. Walijuana miaka miwili nyuma, alipokuja kujifunza kuendesha. Alifeli mtihani mara mbili, zote kwenye kurudi nyuma, na mpaka leo Mwalimu hakujua kama kweli alishindwa kurudi nyuma au alitafuta sababu ya kurudi kwake.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki saba waoane. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameshaonana, wakapatana, tarehe ikapangwa. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Baba yake Chiriku alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, na kikao cha kanisa lile kilikuwa na utaratibu wake: wanaofungishwa ndoa ndani yake ni watu wawili waliokiri imani kwa vinywa vyao wenyewe, wakazamishwa majini wakiwa na akili zao timamu. Mwalimu alibatizwa, ndiyo, lakini akiwa na miezi mitatu, kwa matone ya maji kwenye paji la uso, katika kanisa la mama yake. Huku ubatizo huo haukuhesabika. Na tangu awe mtu mzima, kusema kweli, kanisa kwake lilikuwa mahali pa harusi na misiba.

Aliyemwonyesha njia ni shangazi yake Chiriku, dada wa Mchungaji, mwanamke mnene mcheshi ambaye hakuna harusi ya ukoo ule iliyofanyika bila mkono wake. Shangazi alimweka pembeni akamwambia asijisumbue na mambo mazito. Maji yenyewe ni ya dakika moja, alisema. Unaingia, unatoka, unafuta uso, harusi inaendelea. Jumatano yake Mwalimu akaenda ofisini kwa katibu wa kanisa akaandika jina lake, la nne kwenye orodha ya watakaobatizwa Jumapili. Shangazi akamchukua vipimo vya kanzu nyeupe palepale, akampongeza na kumwita mkwe.

Alipoingia, Chiriku alikuwa akifuta lenzi moja moja kwa kitambaa laini. Akatabasamu, lile tabasamu lake la upande mmoja ambalo Mwalimu alikuwa tayari kuvuka mji mzima kwa miguu ili alione. Kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, Mwalimu akapanda kile cha mgonjwa, akakaa miguu ikining'inia.

"Nimejiandikisha," akasema. "Jumapili nabatizwa."

Alisubiri. Alishajichorea moyoni jinsi Chiriku atakavyoacha kila kitu na kumjia. Lakini Chiriku aliendelea kuifuta lenzi ileile, akaigeuza, akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini unataka kubatizwa?"

"Kwa ajili yako," Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu anayekabidhi zawadi.

Chiriku akairudisha lenzi kwenye tundu lake, akafunga sanduku. Akavuta kile kistuli chake cha magurudumu akakaa mbele ya Mwalimu, karibu kama anavyowakaribia wagonjwa wake, akamtazama machoni. Mwalimu alikuwa ameshatazamwa na macho yale mara nyingi. Siku hiyo aliona yamejaa machozi.

"Basi usibatizwe," akasema. "Usizame kwa ajili yangu."

Mwalimu alidhani ni utani. Alipoona si utani, akajaribu kueleza, taratibu, kama anavyomweleza mtu klachi. Kwamba ni yeye mwenyewe Chiriku aliyesema angependa wafungishwe ndoa na baba yake. Kwamba wakati wanakubaliana hakuna aliyemwambia kuna namna nzuri na namna mbaya ya kulowa. Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsimulia jambo ambalo katika miaka miwili hakuwahi kumsimulia.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wenzake wote wa darasa la Jumapili walikuwa wanabatizwa, wasichana sita, wameshashonewa kanzu. Naye akaenda kwa baba yake, akasema anataka. Baba akamwuliza kwa nini, akajibu kwa sababu wenzangu wanabatizwa. Baba akamwambia arudi akacheze. Siku ya ubatizo alikaa benchi la mbele, binti wa mchungaji, peke yake mkavu, na kanisa zima likimtazama. Alilia wiki nzima. Alirudi kwa baba yake akiwa na miaka kumi na saba, na safari hiyo alikuwa na jibu lake.

"Sikumsamehe haraka," akasema. "Lakini nilipoingia majini niliingia mimi. Si rafiki zangu, si baba. Unanielewa? Ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho sikupewa na mtu. Sasa wewe unataka kukifanya karatasi ya kuombea ukumbi."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa adabu." Mwalimu akashuka kwenye kiti. Hakupandisha sauti; hakuwa mtu wa makelele, na kazi yake ilimfundisha kuwa tulivu hata gari likielekea mtaroni. Lakini aliitia mikono mifukoni. "Nikikaa nje ya kanisa lenu, sikuoi. Nikiingia, hunitaki. Niambie basi nisimame wapi."

"Simama pale ulipo kweli," Chiriku akasema. "Hapo ndipo nitajua nampenda nani."

Mwalimu akateremka ngazi bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza.

Ijumaa ilipita kama ugonjwa. Simu haikulia, naye hakuipiga. Mchana alimkanyagia mwanafunzi breki kwenye barabara tupu, isiyo na hata paka, kisha akamwomba radhi. Jioni akampigia mama yake, mjane aliyeishi mbali, akamweleza juu ya Jumapili akitarajia walau huyu atamfurahia. Mama akauliza, kwa upole uliomkata maini, kama yale maji ya zamani aliyombeba mikononi kwenda kuyapokea yalikuwa na kasoro gani.

Usiku mzima aliligeuza jambo hili, na kulipokucha alikuwa na uamuzi wa mtu aliyechoka. Angekwenda kwa Mchungaji mwenyewe. Baba mtu akimkubali, binti atasema nini tena? Shangazi alikuwa ameshamfundisha la kujibu: kwamba amejua kuwa ni mwenye dhambi, amepokea neema, anataka kuanza upya. Alilikariri njia nzima.

Mchungaji hakuwa ofisini. Siku za kazi alikuwa fundi bomba kama mafundi wengine, na Jumamosi ile alikuwa kazini ndani ya kanisa lake mwenyewe. Mbao za jukwaa zilikuwa zimeondolewa, na chini yake palikuwa na kisima cha ubatizo, kisima cha saruji chenye kina cha kufika kifuani, kikavu. Mchungaji alikuwa amepiga magoti ndani yake na spana mkononi.

"Nani huyo?" akauliza bila kuinua kichwa. "Ah, wewe. Vua viatu ushuke. Kiungio kinavuja, na sina mkono wa tatu wa kushika tochi."

Mwalimu akavua viatu na soksi, akashuka ngazi za chuma, akashika tochi. Kwa muda hawakuzungumza lolote ila kulia kidogo, juu kidogo, hapo hapo. Mchungaji akalegeza kiungio, akatoa mpira uliochakaa, akaupuliza, akautupa. Akaanza kuzungushia utepe mweupe kwenye nyuzi za bomba, mzunguko kwa mzunguko, na ndipo, macho yake yakiwa kwenye utepe, akauliza.

"Nimeona jina lako kwenye orodha. Kwa nini unataka kubatizwa, mwanangu?"

Mwalimu akakohoa. Akaanza. Akasema amejua kuwa ni mwenye dhambi. Akasema amepokea neema. Maneno yalitoka vizuri, kwa mpangilio, na kila moja lilipotoka alilisikia likigonga ukuta wa saruji na kumrudia likiwa na sauti ya Shangazi. Mchungaji alikuwa ameacha kuzungusha utepe. Alimtazama tu, bila ukali, akisubiri, na macho yake yalikuwa yaleyale ya Chiriku. Mwalimu akanyamaza katikati ya sentensi.

"Nampenda binti yako," akasema. "Ni hilo tu. Mengine nimefundishwa."

"Na dada yangu."

"Na Shangazi, ndiyo."

Mchungaji akatikisa kichwa na kurudi kwenye bomba. Akauliza nyumbani kwa kina Mwalimu wanasemaje. Mwalimu hakuwa na sababu tena ya kuficha, akamweleza swali la mama yake jinsi lilivyokuwa. Spana ikatua sakafuni taratibu.

"Kwa hiyo ungemnyang'anya mama yako, ukampa binti yangu," Mchungaji akasema. "Na Mungu hapo katikati angepata nini?"

Mwalimu akainamisha tochi.

"Siwezi kukuzamisha kesho. Si kwamba nakufukuza. Ukija siku moja na jambo lako mwenyewe, hata liwe dogo, hata ulitamke vibaya, nitaingia nawe humu hata kama maji ni barafu. Lakini hili si lako."

Akaomba mwanga usogezwe, akakaza kiungio. Kisha, kana kwamba spana ndiyo iliyokuwa ikimvuta ulimi, akaanza kusimulia habari za kaka yake Chiriku. Mwalimu alimfahamu shemeji yake huyo, mchomeleaji wa vyuma, mpole, anayekula Jumapili zote kwa wazazi wake lakini hajawahi kuonekana ibadani. Hakuwahi kujua sababu. Kumbe akiwa na miaka kumi na tisa alimwambia baba yake mezani kwamba hawezi kukiri asichokiamini. Habari zikafika kwa mashemasi. Mmoja wao akasimama kwenye kikao akasema mchungaji asiyeweza kuitawala nyumba yake ataliongozaje kanisa. Wakataka kijana alazimishwe, ama aondoke nyumbani.

"Nikawaambia nyumba yangu naitawala. Moyo wake siutawali, na nyinyi pia hamuutawali. Wakaninyima mimbari miezi minane." Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Hizo ngazi ulizoshuka amezichomelea yeye. Alinikuta nahangaika na za mbao zilizooza, akazipima, akaleta za chuma. Hakudai hata soda."

"Naye hajawahi kuzishuka?"

"Amezishuka. Alipokuwa anazipima."

Mwalimu alicheka kabla hajajizuia. Mchungaji hakucheka, lakini uso wake ulilegea. Wakakaa wote wawili kwenye sakafu ya kisima, migongo ukutani, wakisubiri kuona kama tone litatokea. Ndipo Mwalimu akauliza lile lililomleta.

"Na harusi, Mchungaji?"

Mzee alisema hapa ukumbini haitafungwa. Utaratibu ni wa kikao, na hata yeye anaukubali. Alisema pia, kwa kuwa wamefika mahali pa kusemana kweli, kwamba angependa binti yake aolewe na mtu anayeamini anachokiamini yeye. Ameshamwambia hivyo jana asubuhi, kama baba, na Chiriku amesikia na hakujibu.

"Ukimkataza atatii," Mwalimu akasema. Ilimchoma kusema hivyo, lakini alijua ni kweli.

"Ndiyo. Ndiyo maana sitamkataza." Mchungaji akajiinua kwa kushika ngazi. "Miaka ishirini na tisa nasimama hapo juu nawaambia watu hakuna awezaye kuamini kwa niaba ya mwenzake. Binti yangu akiamua nisichokipenda, ndiyo nibadilishe mahubiri? Atasimama yeye na dhamiri yake mbele za Mungu. Mimi nitabaki baba yake. Fungua koki hiyo, tuone."

Mwalimu akafungua. Maji yakaja, yakatambaa kwenye nyayo zao. Kiungio hakikuvuja.

Jumapili hakupanga kwenda. Alijiambia hana la kufanya kule, na bado saa tatu ilimkuta amevaa shati lililopigwa pasi, akinyata kuingia wakati wimbo wa pili ukiimbwa. Alikaa benchi la mwisho. Hakujua kama Chiriku alijua lolote. Alikiona kisogo chake kule mbele, benchi la pili, kati ya mama yake na Shangazi.

Waliingia majini watatu: muuguzi kijana, fundi cherehani, na mzee mmoja mlinzi wa bohari. Kila mmoja aliulizwa anaamini nini, na kila mmoja akajibu kivyake. Muuguzi alisema sentensi moja, akakwama, akaishia hapo. Mzee mlinzi alieleza maisha yake tangu ujana, mpaka kiongozi wa kwaya akaanza kukohoa, lakini Mchungaji alimwacha amalize, amesimama naye majini, mkono begani. Mwalimu alimtazama yule mzee akiibuka na maji yakimtiririka usoni, anacheka peke yake. Hakumwonea wivu, wala hakuona ni upuuzi. Alifikiri tu kwamba mtu huyu hakuna aliyemtuma.

Mchungaji, bado yumo majini, akawageukia waumini. "Mlitangaziwa wanne," akasema. "Wa nne amenieleza ukweli wake, na nimeuheshimu. Naomba nanyi muuheshimu. Asiulizwe na mtu."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye majani makavu. Shangazi akageuka mzima mzima kutafuta nyuma, akampata, akamkodolea macho ya mtu aliyeibiwa. Wengine nao wakageuka. Mwalimu alihisi masikio yakimwaka. Alikuwa ameshashika ukingo wa benchi ainuke atoke pale Chiriku aliposimama.

Alimpita mama yake, akampita Shangazi aliyejaribu kumshika nguo, akaja katikati ya kanisa kwa mwendo wake wa kawaida, wala haraka wala polepole. Akafika benchi la mwisho, akasimama.

"Sogea," akanong'ona.

Mwalimu akasogea. Chiriku akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo, akakiweka nusu kwenye paja lake na nusu kwenye la Mwalimu. Mbele wakaendelea na ibada.

Waliongea baadaye, wameegemea ukuta wa nje, upande wenye kivuli, watu wakipita na kujifanya hawaoni. Mwalimu aliomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Chiriku akasema naye hakulala vizuri. Baba yake alimsimulia yote jana, mpaka habari ya tochi. Akasema ameshawaza, na hajawaza kwa pupa: watafunga ndoa kwa msajili, tarehe ileile. Baba atakuja na suti yake, kama baba. Mashemasi huenda wakamwondoa yeye Chiriku kwenye kufundisha darasa la Jumapili, na hilo litamuuma, kwa sababu analipenda darasa lile. Alilisema bila kulipunguza.

"Na nisipoamini kamwe?" Mwalimu akauliza. "Ukikaa na mimi miaka arobaini, ukangoja, nisije?"

"Nitakuombea. Hilo huwezi kunizuia. Lakini sitakusukuma." Akamtazama. "Na wewe hutanizuia nisiende."

"Sitakuzuia. Jumapili zote nitakupeleka."

"Naendesha mwenyewe," Chiriku akasema. "Nina leseni."

Mchungaji akatokea mlango wa pembeni, amebadilisha nguo, taulo shingoni, nywele bado mbichi. Alionekana amechoka kuliko jana. Akamtazama binti yake kwa muda, kwa namna ya mtu anayehesabu miaka, kisha akamgeukia Mwalimu na kumwuliza kama Jumapili ijayo atakuja.

Mwalimu alifungua kinywa aseme ndiyo. Ilikuwa ulimini tayari, ndiyo ile nyepesi ya mkwe mwema. Akakifunga. Akafikiri.

"Sijui, Mchungaji," akasema. "Nikija, nitakuwa nimetaka."

Mzee akacheka. Lilikuwa cheko fupi, la kifuani, na mke wake aliyekuwa akitoka na viti akasimama kushangaa. Akampa Mwalimu mkono wake wenye baridi ya maji, akaushika muda mrefu, kisha akaenda kuwasalimia wengine.

Chiriku akapitisha mkono wake kwenye mkono wa Mwalimu, mchana kweupe, mbele ya mashemasi, kwaya na Shangazi. Wakatembea hivyo mpaka getini, bila kuharakisha.